Sukari Tuliyompelekea Hakimu

Katika karatasi niliyotia sahihi hakuna uongo hata mmoja. Nakala yake ninayo mpaka leo, ndani ya bahasha ya kaki chini ya vitenge vyangu, na kila nikiisoma naona aibu upya. Ningekuwa nimedanganya, labda ningejisamehe mapema. Aliyedanganya anaweza kuutaja uongo wake na kuutubu. Mimi nilisema kweli, na kweli yangu ilimmaliza mtu.

Nilikuwa karani wa mahakama. Mahakama yenyewe sitaitaja; ilikuwa katika mji mdogo wa wilaya ya Kajiado, jengo la mawe lenye paa la mabati, na mvua ikianza mbuzi wa watu walipanda hadi kwenye veranda yetu kujikinga. Kazi yangu ilikuwa kuita kesi, kutunza mafaili na kuwaapisha mashahidi. Kwa miaka mingi niliinua Biblia mbele ya watu wa kila aina, mfugaji aliyeibiwa ng'ombe, dereva aliyegonga punda, mke aliyevunjwa mkono, nikawaambia wanifuate: ukweli, ukweli wote, ukweli mtupu. Wengi walijikwaa hapo. Wengine waliruka hayo maneno ya katikati kwa haraka ya ulimi, nami nikawarudisha, tena kwa ukali. "Sema yote matatu," niliwaambia. Nilijiona mtu wa maana sana.

Katikati ya miaka ya tisini tukaletewa hakimu mpya. Alikuwa mtu wa nyumbani, yaani wa huko magharibi tulikotoka mimi na mume wangu, na siku ya kwanza alinisalimu kwa lugha yetu mbele ya watu wote. Nilifurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Ukiwa mbali na kwenu, salamu moja ya lugha ya mama inaweza kukulevya. Na alikuwa hodari, hilo sitamnyang'anya. Hukumu zake ziliandikwa vizuri, pombe hakugusa, na kanisani aliketi mstari wa mbele na mkewe na watoto wao.

Miezi michache baadaye tukapata taipisti mpya. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kwao ni upande wa Machakos. Baba yake alikuwa amefariki, na mshahara wake ndio uliowasomesha wadogo zake. Vidole vyake vilikimbia juu ya taipraita hata mkalimani wetu wa Kimaa, mzee mpenda ugoro na maneno machache, alikuwa akisimama mlangoni kumsikiliza tu. "Huyu anapiga kama mvua kwa mabati," alisema. Msichana aliniita Mama. Saa saba tulikula pamoja, yeye na githeri yake ya mahindi na maharagwe, mimi na ugali wangu wa jana, tukachanganya.

Hakimu alipenda hukumu zake zitaipiwe chemba, yaani ofisini mwake, mbele yake, akimsomea kwa sauti. Kabla yake zilikuwa zikitaipiwa kwetu masjala. Mara ya kwanza taipraita niliibeba mimi mwenyewe kuipeleka huko, na mara ya pili vilevile. Halafu msichana akaanza kunibembeleza.

"Mama, si uje tukae na wewe huko ndani?"

"Na kesi ataita nani?"

"Huyo hakimu mikono yake haitulii, Mama."

Nikamwambia avae sketi ndefu zaidi. Hilo ndilo neno nililompa. Ningependa kusema nimesahau, lakini nakumbuka hata sketi yenyewe, ya kijivu, na ilikuwa imepita magoti vizuri kabisa.

Alasiri moja kesi zilikuwa zimeisha na askari wamewapakia mahabusu kwenye lori. Nilikuwa nikishona faili. Siku hizo mafaili ya korti tuliyashona kwa sindano kubwa na uzi mnene mweupe, ili mtu asije akanyofoa karatasi. Nikasikia kikombe kikivunjika chemba, halafu mlango ukigongwa kwa ndani, vile anavyogonga mtu anayetaka kutolewa. Komeo likafunguka, msichana akatoka mbio, mguu mmoja hauna kiatu. Nyuma yake hakimu alisimama mlangoni, shati lake jeupe limelowa chai kuanzia kifuani hadi tumboni. Kwenye korido walikuwapo mkalimani, mama wa kufagia, na wakili mmoja aliyefuata nakala ya hukumu. Wote waliliona lile shati. Hakimu akarudi ndani akajifungia.

Msichana alikuja moja kwa moja kwangu. Alikuwa amekunja ngumi, na nilipoikunjua nikakuta kifungo cha blauzi yake. Alinieleza yote. Sitayarudia hapa kwa sababu hayo ni yake, si yangu. Itoshe kusema kwamba alimmwagia mtu yule chai kwa kuwa hakuwa na kingine mkononi. Nilimsikiliza na nikamwamini. Acha niliandike wazi: nilimwamini neno kwa neno, saa ile ile. Nikachukua ile sindano ya mafaili na ule uzi mnene, nikamshonea kifungo chake akiwa ameivaa blauzi, nikaukata uzi kwa meno. Kifua chake kilikuwa kikienda mbio karibu na uso wangu. Kisha nikamwambia akanawe.

Kesho yake alipewa barua. Alitakiwa ajieleze kwa nini alimwaga chai juu ya faili la korti na kuliharibu, na kwa nini asiachishwe kazi. Alikuwa bado kwenye majaribio, hajathibitishwa. Mtu wa namna hiyo anafukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni.

Ndipo mimi, mwenye busara, nikaingilia. Kwetu, na nadhani kwa wengi, mdogo akimwaibisha mkubwa haulizwi nani alianza. Mtu mzima anamshika mkono, wanakwenda naye hadi nyumbani kwa mkubwa, na hawaendi mikono mitupu. Chai inapikwa, maneno yanaisha, watu wanaendelea kuishi. Nilimwona mama yangu akimaliza hivyo ugomvi wa mipaka ya shamba na ugomvi wa wake wenza. Haikunipitia akilini kwamba kuna jambo haliwezi kumalizwa hivyo. Nikamwambia msichana ajitayarishe, Jumamosi tunakwenda kwa hakimu.

"Yaani mimi ndio nikaombe msamaha?"

"Si msamaha. Ni kumaliza maneno."

"Na yeye ataniomba lini?"

"Mwanangu, unataka haki ama unataka kazi?"

Niliuliza swali hilo ndani ya jengo la mahakama, bendera ikipepea nje, na sikuona kioja chochote.

Jumamosi asubuhi tulinunua pakiti mbili za sukari, za kilo mbili mbili, na pakiti ya majani ya chai. Nilimpa yeye azibebe. "Mkono mtupu haulambwi," nilimwambia, na nilijisikia nimesema jambo la hekima. Pale dukani tulimkuta mkalimani akinunua ugoro.

"Takwenya," alinisalimu kwa Kimaa, kama kila siku, nami nikaitika kwa Kimaa vilevile.

"Iko."

"Sukari ya nani hiyo?"

"Ya hakimu."

Alimtazama msichana, akaitazama ile mifuko iliyokuwa ikimvuta mabega. "Kwetu mwenye makosa ndiye anabeba," alisema, akachukua ugoro wake akaenda. Nilimkasirikia njia nzima. Nilijiambia huyu mzee anajifanya anajua mila kuliko watu wengine.

Mke wa hakimu alitupokea vizuri. Yeye alikuwa ameambiwa habari ya msichana mzembe aliyemwaga chai, basi. Nilikuwa nimemfundisha msichana maneno, naye akayasema akilitazama zulia: "Mnisamehe kwa yale yalitokea." Mama yule akaipokea sukari kwa mikono miwili, akaomba sala fupi, akaenda jikoni kupika chai kwa sukari ile ile. Hakimu akatoka chumbani na fulana na patipati, akaketi, akakunja gazeti. "Yameisha," alisema. "Sisi ni watu wa familia moja hapa." Akanywa. Msichana alikishika kikombe chake bila kukipeleka mdomoni, nami nikamgusa kwa kiwiko. Akanywa.

Ile barua haikusikika tena. Tukirudi nilimwambia, "Umeona?" Miezi mitano baadaye aliacha kazi mwenyewe, akaenda kushona nguo kwenye kiwanda kimoja kinachouza nje ya nchi, huko karibu na Kitengela. Kazi ya serikali yenye pensheni! Nilimwona mjinga, na niliwaambia watu hivyo.

Miaka ikapita, tukaingia miaka ya elfu mbili. Mimi na mume wangu tulikuwa tumenunua ploti Noonkopir, karibu na Kitengela, tukajenga vyumba vyetu viwili kwenye ule udongo mweusi unaomeza gamboti ya mpira ya mtu mvua ikinyesha. Nilikuwa nimehamishiwa mahakama nyingine, bado karani. Hakimu alikuwa amepanda cheo mara mbili. Na yule msichana, sasa mama wa watoto wawili, alikuwa na kibanda chake cha kutaipu na fotokopi pale Kitengela, mkabala na mabucha. Alianza na taipraita kuukuu, baadaye akaongeza kompyuta. Nilikuwa nikimpelekea barua za chama chetu cha nyumbani na mikataba ya ploti. Aliniita Mama kama zamani, aliniuliza habari za watoto, kazi yake ilikuwa safi. Jambo moja tu: katika miaka yote hiyo hakuwahi kunikaribisha chai. Nililiona na nikalipuuza.

Serikali ilikuwa imebadilika, na kila mtu alitaka majaji safi. Majina ya waliopendekezwa yalitajwa magazetini, redio zikayachambua kila asubuhi kama watu wanaochagua maharagwe. Jina la hakimu wetu lilikuwamo. Chama chetu cha watu wa nyumbani, tuliokuwa tukikutana Jumapili baada ya ibada, tulishangilia hadi watoto wakaja kuchungulia. Wiki mbili baadaye gazeti likaandika kwamba mwanamke mmoja, aliyewahi kuwa taipisti katika mahakama ndogo, amewaeleza mawakili fulani yaliyompata chemba. Hawakumtaja. Lakini Kitengela ya wakati ule haikuwa kubwa, na kufikia Jumatano watu walikuwa wakipita mbele ya kile kibanda polepole ili wachungulie.

Nilichoka kusikia mjadala huo. Kwa bucha ulikuwapo, kwenye foleni ya maji ulikuwapo, kwa saluni ndio ulizidi. Jumamosi moja niliketi na rola kichwani, chini ya mashine ya kukausha nywele, na wanawake watano wakizungumza kupita juu ya kichwa changu.

"Miaka kumi alikuwa wapi huyo?"

"Ametumwa. Hiyo ni pesa ya siasa."

"Na kama ni ukweli?" Huyo alikuwa msusi, binti mdogo mdogo. "Nyinyi hamjawahi shikwa-shikwa na boss?"

"Kama ni ukweli alete shahidi. Si mtu anaweza amka tu aharibie mwingine jina."

"Hata mimi nasema hivyo. Alete shahidi."

Shahidi alikuwa ameketi pale pale, masikio yakimwunguza. Nilimwomba msusi apunguze moto.

Jumapili iliyofuata walikuja kwangu wageni wawili: mwenyekiti wa chama chetu cha nyumbani, na mke wa hakimu. Mama yule alikuwa amekonda. Alikataa soda, akaketi ukingoni mwa kiti, akanishika mkono, na akaongea kwa lugha yetu maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Dada, unakumbuka ile sukari?"

Nilisema naikumbuka.

"Mimi pia," alisema. "Alikuja kwangu na miguu yake. Aliomba msamaha na mdomo wake. Sitaki useme kitu hukuona. Sema tu ile uliona."

Mwenyekiti akaongeza kwamba watu wetu hawana jaji hata mmoja kutoka upande ule, na kwamba wakubwa wanatazama nani atasimama na nani atakaa. Lakini sitamsingizia mwenyekiti. Hakunitisha, na mama yule aliamini kabisa anachosema. Nikimtazama niliona mtu anayeishikilia ile sukari kama mtu aliyeshika kamba ndani ya maji. Nilikubali kabla hawajamaliza kuniomba.

Tulikwenda Kajiado mjini, kwa ofisi ya wakili. Alikuwa kijana mwenye heshima, aliyevaa tai fupi. Nilimweleza, akaandika, karani wake akataipu. Aya tatu. Kwamba nilikuwa karani wa mahakama ile wakati ule. Kwamba siku fulani ya Jumamosi nilimsindikiza taipisti hadi nyumbani kwa hakimu, akiwa amebeba kilo nne za sukari na majani ya chai. Kwamba mbele yangu aliwaomba hakimu na mkewe wamsamehe kwa yaliyotokea, wakamsamehe, na wote wakanywa chai pamoja. Yote kweli.

Wakili alinisomea, kisha akaweka kalamu chini. "Mama, kuna lingine lolote ungetaka tuongeze?"

Niliiona ile sindano. Nawaambia niliiona kama imewekwa mezani pale, na ule uzi mnene, na kifungo kwenye kiganja chake. Na kwa muda wa pumzi moja nilijua nikitaja kifungo, swali litakalofuata litakuwa: Mama, kama ulimwamini, mbona ulimpeleka na sukari? Sikuwa namlinda hakimu. Hakimu angejitetea mwenyewe, ana elimu ya kutosha. Nilikuwa namlinda yule mwanamke mwenye busara aliyetembea mbele siku ile.

"Hakuna," nilisema. Neno hilo halimo kwenye karatasi.

Kijana akaanza kunitamkia kiapo pole pole, kama tunavyowatamkia watu wa vijijini. Nilimwambia asijisumbue, nakijua. Nikainua mkono nikasema yote matatu bila kujikwaa.

Ndani ya wiki moja sukari ilikuwa kila mahali. Gazeti moja liliiweka kwenye kichwa cha habari. Kwenye redio mtangazaji alicheka mpaka akakohoa: jamani, mtu anakukosea halafu unambebea sukari? Watu wakapiga simu kuchangia utani. Pale stendi vijana wa kupakia abiria wakimwona anapita walipaza sauti, "Sukari! Sukari kilo nne!" Wateja wake walianza kupeleka karatasi zao kwingine, si kwa ubaya, waliona haya tu kusimama pale. Mumewe, nilisikia, alikuwa akimwuliza swali moja kila jioni: ulibeba ama hukubeba?

Kamati iliyokuwa ikisikiliza maoni ilimwita. Nilisoma habari hiyo kwenye gazeti la mume wangu, nimesimama jikoni. Walimwuliza kama alibeba sukari, akasema ndiyo. Kama alisema mnisamehe, akasema ndiyo. Kama kuna mtu alimlazimisha. Gazeti lilisema alijibu hivi: "Nilipelekwa na mtu nilikuwa naita mama." Walimwomba jina la mtu huyo, akakataa kulitaja. Akasema jina hilo tayari wanalo kwenye karatasi zao.

Nililikunja lile gazeti nikawashia jiko. Hasira niliyokuwa nayo siku hiyo, Mungu anisamehe, nilikuwa nayo juu yake yeye.

Hakimu akaapishwa kuwa jaji. Picha ilitoka, na joho jekundu na zile nywele nyeupe za bandia. Chama chetu kikachinja fahali, tukafanya sherehe Kitengela, mahema mawili na spika kubwa. Mimi niliwekwa mstari wa mbele, nikavishwa kitenge kipya mbele ya umati, wanawake wakanipigia vigelegele. Mheshimiwa akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanitazama machoni. Alijua. Alijua kwamba najua, kwa sababu siku ile ya chai, kabla hajarudi ndani kujifungia, alimwona msichana anakimbilia wapi. "Dada yangu," alisema, "umesimama na ukweli." Nikasema asante Mheshimiwa. Nyama ilikuwa laini na nilikula.

Siku si nyingi baadaye nilikutana na yule mkalimani wetu wa zamani. Alikuwa amestaafu, alikuja Kitengela siku ya mnada na kondoo watatu. Uso umejikunja, ugoro ni ule ule.

"Takwenya."

"Iko."

Nilingoja aniseme. Nilitamani aniseme, ili nipate kujitetea. Lakini alitazama kondoo wake tu.

"Mimi nilingoja waniite," alisema mwishowe. "Hiyo siku ya shati nilikuwa hapo. Nikanunua hata koti. Hakuna mtu aliniita, na mimi sijui mlango ya kuingilia hizo maofisi." Akapiga chafya, akapangusa pua. "Wewe walikuita."

Usiku ule sikulala, na kulipokucha nilikuwa nimeamua. Na sasa nitasema jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angeliona ni wazimu, lakini mimi sikuliona mpaka lilipokuwa limeshatendeka. Nilipita dukani nikanunua sukari. Pakiti mbili, za kilo mbili mbili. Nilikuwa nakwenda kuomba msamaha, na mikono yangu haikujua njia nyingine.

Nilimkuta peke yake kibandani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, alikuwa amerudia ile taipraita kuukuu, labda stima zilipotea, hakuna umeme. Aliinua macho, akaniona, akaona mifuko.

"Karibu, Mama. Keti."

Nikaketi. Nikaiweka ile sukari juu ya meza yake, kando ya karatasi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, yakapotea yote isipokuwa moja.

"Mwanangu, nisamehe."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Aliitazama sukari kwa muda mrefu, hata nikaona kona ya mdomo wake ikitaka kucheka.

"Kwa hivyo ni wewe umekosa," alisema. "Si mwenye kubeba sukari ndiye mwenye makosa? Walisema hivyo kwa redio."

"Ni mimi."

"Unakumbuka kifungo?"

"Nakumbuka."

"Uliishona na uzi ya faili. Ile blauzi niko nayo mpaka leo, Mama. Ilikwisha rangi yote, lakini hiyo kifungo haijawahi toka." Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesifia kazi. Halafu akachukua karatasi mbili nyeupe, akaweka kaboni katikati, akazizungusha ndani ya taipraita. Vidole vyake vikakimbia. Sikuwa nimevisikia vikikimbia hivyo tangu miaka ile. Akaacha kupiga, akanisomea: jina langu kamili, mkaazi wa Noonkopir, karani wa mahakama, naapa na kusema kama ifuatavyo.

"Sema sasa," aliniambia. "Mimi nataipu. Ukimaliza unatia sahihi, na mimi najua mlango wa kupeleka."

Nilifungua mdomo. Nje muuza maji alikuwa akimhimiza punda wake, na kwenye bucha la ng'ambo walikuwa wakipasua mifupa. Nilifikiria kitenge nilichovishwa. Nilifikiria kanisa, mwenyekiti, pensheni yangu iliyobaki miaka mitatu, mke wa hakimu na ile kamba aliyoishikilia. Nilifikiria mashahidi wote niliowarudisha kwa ukali. Yeye alingoja, vidole vimetulia juu ya herufi, na alikuwa na subira ya ajabu. Nadhani angengoja mpaka jioni.

"Wacha nifikirie vizuri," nilisema. "Nisije nikaacha kitu. Nitakuja Jumatatu."

Alinitazama kidogo tu. Kisha akainuka, akaichukua ile mifuko miwili, akanirudishia mkononi, kwa mikono miwili, kwa heshima yote anayopewa mtu mzima.

"Utakuja nayo hiyo siku," alisema. "Karatasi nitaiacha hapa kwa mashine."

Nilirudi Noonkopir na mzigo wangu. Mume wangu akauliza mbona sukari nyingi hivyo wakati nyingine iko, nikamwambia haiozi. Tuliinywa mpaka ikaisha. Jumatatu, nikienda kazini, nilipita njia ya nyuma ya mabucha, penye matope, na ndiyo njia niliyoitumia miaka yote iliyobaki.